Myshkin na Mwenzetu Aliyeanguka Darasani



Juma hili napenda tutafakari pamoja jambo ambalo limekaa moyoni mwangu kwa miaka mingi. Nilipokuwa mwanafunzi katika shule ya bweni, mwenzetu mmoja alianguka darasani asubuhi, katikati ya somo la hesabu. Mwili wake ulikakamaa, kisha ukaanza kutetemeka, na povu likamtoka kinywani. Sote tulikimbilia nje. Nyumbani tulikuwa tumeambiwa kwamba mtu akiguswa na povu lile, naye atashikwa na kifafa. Mwenzetu alizinduka peke yake sakafuni, nguo zimelowa, akatukuta tumejazana mlangoni tukimtazama. Haukupita muda mrefu akaacha shule. Sikumwona tena.

Nilipokuwa mtu mzima nilisoma riwaya ya Fyodor Dostoevsky iitwayo The Idiot, yaani Punguani, iliyotoka katika gazeti la fasihi la Urusi kati ya mwaka 1868 na 1869. Mhusika wake mkuu, Myshkin, ana kifafa. Katika ngazi zenye giza za hoteli moja, rafiki yake Rogozhin anamnyanyulia kisu. Papo hapo kifafa kinamwangusha Myshkin, na Rogozhin, kwa kushikwa na hofu, anakimbia. Nilidhani mwandishi amejitafutia njia rahisi ya kumwokoa mhusika wake. Tena Myshkin husema kwamba kabla ya kuanguka hujiwa na nuru na amani kuu, kiasi kwamba kitambo kile kidogo huonekana kuwa na thamani ya maisha mazima. Hayo nayo niliyahesabu kuwa mapambo ya lugha.

Ni sayansi ya ubongo iliyonirudisha katika kurasa zile. Dostoevsky mwenyewe aliugua kifafa. Chembe za ubongo huwasiliana kwa umeme mdogo sana. Katika kifafa, chembe nyingi huutoa umeme huo kwa pamoja na kupita kiasi. Ikiwa jambo hilo limeanzia sehemu moja ya ubongo, mgonjwa huanza kuhisi kile ambacho sehemu hiyo hukishughulikia. Mmoja husikia harufu isiyokuwapo, mwingine hushikwa na hofu, na wachache sana hujawa na furaha isiyoelezeka. Mwaka 2013 watafiti wa Uswisi na Ufaransa walieleza habari za mgonjwa ambaye kifafa chake kilianza kwa furaha ya namna hiyo. Walipopitisha umeme mdogo katika sehemu ya mbele ya insula, eneo lililofichika ndani ya mkunjo wa ubavuni mwa ubongo, hisia ile ya raha ikamrudia. Basi nilichokiita pambo kilikuwa ushuhuda wa mtu aliyeyapitia.

Je, baada ya kujua hayo, furaha ya Myshkin imepoteza maana? Myshkin mwenyewe hujiuliza swali hilo. Anakiri kwamba ni ugonjwa, wala hafichi giza linalofuata. Lakini anaona kwamba amani aliyoionja haigeuki kuwa uongo kwa sababu tu imetokana na maradhi. Mashine ya daktari huonyesha mahali hisia ilipoanzia. Thamani yake katika maisha ya mtu haimo katika picha ile, na kwa hilo nilimhitaji Dostoevsky.

Katika usomaji wa pili nilimwona pia Kolya, ambaye kwanza nilimpita bila kumjali. Watu wanapokusanyika kumtazama mgonjwa asiyejulikana, ni Kolya anayesogea, akamtambua, akahakikisha anahudumiwa na kupelekwa mahali salama. Kolya ni mvulana wa miaka kama 13. Nasi mlangoni pale tulikuwa na umri uo huo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 50 wanaishi na kifafa, na kwamba hadi asilimia 70 yao wangeweza kuishi bila kuanguka endapo wangepata matibabu yanayofaa. Kifafa hakiambukizi, wala povu lile halina sumu. Ukimwona mtu ameanguka, ondoa vitu vinavyoweza kumwumiza, mwekee kitu laini chini ya kichwa, usimtie chochote mdomoni, na mtetemeko ukikoma mlaze kwa ubavu. Ukizidi dakika tano, tafuta msaada wa daktari. Zaidi ya yote, kaa naye, ili atakapofumbua macho aone mtu karibu yake.

Mwenzetu yule hakumwona mtu karibu, nami nilikuwa mmoja wa waliosimama mlangoni. Kama yu hai na maandishi haya yatamfikia, namwomba radhi.