Sikuumwa, Nikaacha Vidonge

Mimi ni bwana shamba. Kila mwezi nawahimiza wafugaji wapeleke ng'ombe joshoni hata kama kupe hawaonekani. Mwenyewe nilishindwa.

Mwaka 2022 nilipimwa damu. Ilikutwa na mafuta mengi, yaani kolesteroli. Mafuta haya hayaumi. Hujikusanya katika mishipa, njia ya damu ikawa nyembamba. Mshipa ukiziba, mtu hupata shtuko la moyo au hupooza. Daktari aliniandikia atovastatini, kidonge kimoja kila siku.

Baada ya miezi mitatu mafuta yalishuka. Nikaacha dawa! Vidonge vilivyobaki nikampa jirani, naye hajapimwa. Akaanza kuumwa misuli ya mapaja. Usiku ule sikulala. Asubuhi nilimpeleka hospitali.

Daktari alimwachisha vidonge, akampima. Mafuta yake yalikuwa ya kawaida. Yangu yalikuwa yamepanda tena. Dawa hii huyashusha wakati unapoitumia tu.

Basi usiache wala usiongeze kidonge bila kumwuliza daktari. Misuli ikiuma bila sababu, au mkojo ukiwa kama chai ya rangi, nenda upesi. Mama mwenye mimba aseme mapema. Ukiandikiwa dawa nyingine, onyesha na hizi.

Jirani amepona. Mimi nameza kidonge kila usiku, na mke wangu huvihesabu.