Daftari la mwalimu lililonisomea maneno yangu

Mada ya kuhifadhi vitunguu saumu tutaimalizia wiki ijayo. Leo nataka kukusimulia kosa langu mwenyewe, kwa sababu lina somo kwa kila mwenye mtoto, na pia kwa mwenye shamba au duka.

Mnanijua. Nilianza kazi Hanang, upande wa Basotu, na sasa niko Mbulu. Kote huko wimbo wangu ni mmoja: andika kumbukumbu. Andika tarehe ya kupanda, mbolea uliyoweka, magunia uliyovuna na bei uliyouzia. Huwa nasema mkulima asiye na daftari analima kwa kupapasa. Wengine mmecheka, wengine mmenunua daftari. Basi leo ni zamu yenu kunicheka.

Binti yangu wa pili alichelewa kusema. Alipoanza darasa la kwanza, ni sisi wa nyumbani tu tuliomwelewa. Kuku alimwita "tutu", kaka yake "tata". Ukimwita akiwa amekupa mgongo, hageuki. Bibi yake alisema ni ukaidi. Jirani alisema tumemchanganya, maana mama yake huongea naye Kiiraqw na mimi Kiswahili. Mimi nilisema akikua ataacha.

Shuleni kwake kuna mwalimu wa elimu maalumu aliyesomea Chuo cha Ualimu Patandi, kule Arusha. Kuna wataalamu wanaosomea hasa tiba ya usemi na lugha, yaani kuwasaidia watu wenye shida ya kutamka, kigugumizi au kuelewa maneno. Nchini kwetu ni wachache, na wengi wako hospitali kubwa za mijini. Kwa hiyo shuleni kwetu kazi hiyo anaibeba mwalimu huyu, juu ya vipindi vyake vingine. Alikuwa na watoto 19 wenye shida ya usemi.

Mwezi wa pili aliniita. Alikuwa ameona masikio ya binti yangu yanatoa usaha. Akaniandikia barua ya kumpeleka hospitali akapimwe. Akasema, "Bwana shamba, kabla sijamfundisha kutamka, nataka nijue anasikia kiasi gani."

Nikaitia barua kwenye begi langu la kazi. Unajua begi la bwana shamba lilivyo. Mlikuwa na fomu za wakulima wa mbolea ya ruzuku, risiti za mafuta ya pikipiki na pakiti za mbegu zilizoisha. Na unajua mwezi wa pili ulivyo: palizi imebana, viwavijeshi wameingia kwenye mahindi, simu haipumziki. Barua ikazama.

Mwezi wa sita, shule zikikaribia kufunga, mwalimu akaniita tena. Nilikuwa na maneno tayari mdomoni. Hakuniuliza kitu. Alifungua daftari, akanisomea:

"Tarehe 12 mwezi wa pili, barua amepewa baba. Tarehe 4 mwezi wa tatu, baba amesema ataenda wiki ijayo. Tarehe 26 mwezi wa tatu, baba amesema ataenda palizi ikiisha. Tarehe 7 mwezi wa tano, baba amesema barua ipo, ataenda mwisho wa mwezi."

Kisha akachukua kalamu, akaniangalia. "Leo niandike nini, baba?"

Ndugu yangu, nimewahi kukaripiwa na wakubwa wa kazi na nikalala usingizi. Siku ile sikulala. Maneno yote yalikuwa yangu, hakuongeza hata moja.

Barua niliikuta chini kabisa ya begi, imelowa mafuta. Asubuhi yake tulikuwa hospitali. Daktari alikuta ngoma za masikio yote mawili zimetoboka kwa maambukizi ya muda mrefu. Alinieleza kwamba mtoto wa namna hiyo husikia kama mtu aliyezamisha kichwa majini, na mtoto husema kile anachokisikia. Alipewa dawa, nasi tukafundishwa kuyakausha masikio na kuyakinga na maji. Sikio la kulia lilikauka na linasikia vizuri zaidi. La kushoto bado ni zito, na tunarudi kliniki.

Nilimpotezea miezi minne. Miezi minne ya mtoto anayeanza kusoma haifanani na miezi minne ya gunia la mbaazi linalosubiri bei ghalani. Gunia litapata bei siku nyingine, lakini darasa liliendelea na silabi wakati yeye hazisikii.

Baada ya hapo nilimwomba mwalimu anionyeshe anavyojipanga. Mtu mwenye watoto 19, madarasa mawili na kabati moja lisilofungika anawezaje kukumbuka nilichosema tarehe 26 mwezi wa tatu? Alinionyesha mambo matano.

1. Kila mtoto na kurasa zake.
Hachanganyi watoto kwenye ukurasa mmoja. Ukurasa wa kwanza una umri, lugha ya nyumbani, hali ya masikio, na maneno ambayo mtoto anaweza kusema. Shule zetu zina watoto wa Kiiraqw, Kidatoga na Kiswahili, kwa hiyo ana safu mbili: sauti za lugha ya nyumbani na sauti za Kiswahili. Mtoto anayetamka "Tlawi" kama wazee wa Mbulu wanavyoitamka ana ulimi unaofanya kazi. Kiswahili chake kikiwa na lafudhi, huo si ugonjwa. Anayekwama kwenye sauti ileile katika lugha zote mbili ndiye anayehitaji msaada. Na kuhusu maneno ya jirani yangu: lugha mbili hazimletei mtoto tatizo la usemi. Usiache kuongea na mwanao lugha ya kwenu.

2. Muda mfupi, mara nyingi.
Hana saa nzima ya kumpa kila mtoto. Anawaweka wenye shida zinazofanana pamoja, wawili au watatu, na kila kikundi kinapata dakika kumi mara tatu kwa wiki. Ratiba imebandikwa ukutani ili mwalimu wa darasa ajue nani anatoka lini. Anasema dakika kumi mara tatu zinamfaa mtoto kuliko nusu saa mara moja, kama mche unaomwagiliwa kidogo kidogo badala ya kumwagiwa ndoo nzima Jumapili.

3. Anahesabu, hakisii.
Mtoto anajaribu sauti mara kumi, naye anaandika ngapi zimekuwa sawa. Ukurasa wa binti yangu kwa sauti "ka" ulisema: 1, 2, 2, 4, 3, 5. Akifika 8 na kubaki hapo siku kadhaa, wanatoka kwenye silabi wanaingia kwenye maneno, kisha kwenye sentensi. Namba zikisimama pale pale wiki tatu, anabadilisha njia. Bila namba, anasema, kila mtoto anaonekana "anaendelea vizuri".

4. Kila kikundi na mfuko wake.
Ndani ya mfuko kuna kioo kidogo cha kumwonyesha mtoto ulimi wake, picha zilizokatwa kwenye kalenda za zamani, na vizibo vya soda vya kuhesabia. Mfuko unaandaliwa jioni. Dakika kumi hazitoshi kutafuta kioo.

5. Kila ukurasa unaishia na kinachofuata.
Hili ndilo lililonikamata. Chini ya kila siku anaandika vitu vitatu: kinachofuata ni nini, nani atakifanya, lini. Kila Ijumaa, kabla ya kwenda nyumbani, anapitia mistari hiyo tu. Ambacho hakijafanyika anakiuliza, na jibu analiandika kwa maneno ya mwenye kujibu. Nilimuuliza kwa nini anaandika hata visingizio. Akasema, "Mtoto wako hawezi kuja kukwambia kwamba umemsahau. Hata angeweza, usingemwelewa. Kwa hiyo daftari linamsemea."

Tangu siku ile nimebadilisha kazi yangu. Begi nimelisafisha. Barua na kadi za kliniki zinakaa kwenye bahasha moja ya plastiki, na haingii fomu ya mbolea humo. Kila mkulima ninayemtembelea ana ukurasa wake, na ukurasa unaishia na kinachofuata, nani, lini. Ijumaa jioni napitia mistari hiyo. Mama mmoja niliyemwahidi kurudi kuangalia ugonjwa kwenye vitunguu saumu vyake alishangaa kuniona. Akaniambia, "Bwana shamba, kumbe wewe huwa unarudi?" Nilicheka, lakini lilinichoma.

Na wewe unaweza kuitumia njia hii. Chanjo ya kideri ya matone kwa kuku hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Siku unapochanja, andika hapo hapo tarehe ya kurudia na nani atafuata dawa. Mwenye duka, usiandike "anadaiwa" peke yake. Andika alisema atalipa lini, kwa maneno yake mwenyewe. Utakapomsomea, hamtagombana.

Lakini zaidi ya yote, nakuomba kuhusu watoto. Kama una mtoto ambaye usemi wake unakutia wasiwasi, fanya haya:

Usisubiri akue. Watoto wengi husema neno la kwanza wakifikia mwaka mmoja hivi, na wakiwa na miaka miwili huunganisha maneno mawili, kama "mama maji". Mwanao akiwa nyuma sana, uliza kliniki, au muulize mwalimu mkuu akuelekeze kwa Afisa Elimu Maalumu wa halmashauri.

Anza na masikio. Mwite kwa sauti ya kawaida akiwa hakuoni, mara kadhaa, siku tofauti. Asipogeuka, au sikio likitoa usaha, mpeleke hospitali. Usitie mafuta, majani wala mafuta ya taa sikioni. Najua wapo wanaofanya hivyo.

Mpe dakika kumi kila siku. Chagueni sauti moja tu, ile aliyopewa na mwalimu. Sisi hufanya tukichambua maharage: neno moja, harage moja upande huu likiwa sawa, upande ule likikosea. Akimaliza kumi, tunahesabu na kuandika. Kaka yake sasa ndiye karani.

Usimcheke na usimmalizie. Mwenye kigugumizi mwache afike mwisho mwenyewe, huku unamwangalia usoni. Anayekosea neno, lirudie wewe kwa usahihi bila kumkaripia. Akisema "tutu ametaga", mjibu, "Ndiyo, kuku ametaga."

Barua ya shule au ya hospitali ipe tarehe siku unayoipokea. Andika nyuma yake utaenda lini. Kama una shamba la kupalilia, mwombe mtu akupalilie siku moja. Mahindi yatakusubiri siku moja. Masikio ya mtoto yasisubirishwe msimu mzima.

Huenda unauliza binti yangu anaendeleaje. Anakaa mbele darasani, upande ambao sikio lake la kulia linaelekea kwa mwalimu. Mwezi wa kumi na moja alipata 8 kati ya 10 kwa neno linaloanza na "ka". Akiongea polepole anasema "kuku". Akija mbio kutoka bandani bado ni "tutu". Mwalimu ameandika: kinachofuata, sentensi fupi, nani, baba na kaka, lini, likizo yote.

Nimeandika pia kwenye daftari langu, na tarehe ya kliniki ya sikio la kushoto iko juu yake. Ukinikuta mnadani Ijumaa jioni nimekaa pembeni nasoma daftari, subiri nimalize kwanza ndipo uniulize habari za mbegu.

Wiki ijayo, vitunguu saumu. Hiyo nayo nimeiandika.