Kukiandikia Kitu Kisichotulia



Binti wa marehemu kaka yangu, ambaye anaishi nasi hapa Uingereza, huandika maelezo ya matumizi ya programu za kompyuta. Ni yeye amwelezaye karani au muuguzi abonyeze wapi, na afanye nini mambo yanapokwama. Watu huidhania kazi hiyo kuwa ndogo. Mimi niliyesomesha miaka mingi naiona ni ualimu hasa, ila mwanafunzi hayupo mbele yako akuonyeshe kwa uso wake kwamba hakufahamu.

Zamani kazi hii ilikwenda kwa daraja. Wahandisi walipanga, wakatengeneza, wakajaribu. Kisha mwandishi akakabidhiwa programu iliyokaribia kukamilika, akatoa kitabu kizima. Mnamo Februari 2001 wataalamu 17 walikutana Snowbird, katika jimbo la Utah, Marekani, wakatoa ilani fupi ya utaratibu uitwao ajaili, yaani wepesi wa kubadilika. Miongoni mwa waliyoyatanguliza ni programu inayofanya kazi, mbele ya maandishi marefu. Hawakusema maandishi hayana thamani. Ilani yenyewe yakiri kwamba yanayo. Lakini wako wakubwa wa kazi ambao, kama ilivyo desturi ya wenye haraka, waliisoma nusu yake tu.

Basi siku hizi kazi hukatwa vipande vya wiki mbili mbili. Kitufe alichokieleza Jumatatu, Alhamisi hakipo. "Ami," aliniambia mwaka juzi, "naandika juu ya mchanga na maji yanajaa." Alikuwa ameazimia kuacha kazi.

Hakuacha. Aliomba kuingia katika kikao cha kila asubuhi, kile cha dakika 15, ambacho hapo kabla hakualikwa. Humo husikia mabadiliko siku yanapoamuliwa, si baada ya mwezi. Akawashawishi wenzake wakubali kuwa hakuna kipande kitakachohesabiwa kimekwisha mpaka maelezo yake yawe yameandikwa. Naye akaacha kuandika sura ndefu. Huandika mada fupi fupi, kila moja ikijitegemea, hata ikibadilika moja zisiporomoke zote. Tena huanza na haja ya mtumiaji, kama vile kumsajili mgonjwa, kwa kuwa haja hubadilika polepole kuliko vitufe. Walimu wenzangu watalikumbuka azimio la kazi la muhula mzima, na andalio la somo lililoandikwa kila siku kwa kutazama darasa lilifika wapi.

Faida moja sikuitarajia. Pale anaposhindwa kueleza hatua fulani kwa lugha nyepesi, mara nyingi kasoro huwa katika programu yenyewe, na wahandisi huirekebisha kabla haijamfikia mtu.

Hata hivyo siwezi kuusifu utaratibu huu wote. Vipande mia vilivyoandikwa vizuri si kitabu. Karani mgeni ahitaji kwanza kuonyeshwa nyumba nzima, ndipo aonyeshwe vyumba, na sura hiyo haiingii katika wiki mbili za mtu yeyote. Binti yetu ameomba apewe wiki moja kila baada ya miezi mitatu aiandike na kuitengeneza upya. Ameambiwa litazamwe kwanza suala la gharama.