Bibi akisafiri, njiwa wabaki na nani?

Katika stendi ya Chanika, makao makuu ya Handeni, magari madogo ya kwenda Korogwe huanza kuita abiria kabla jua halijachomoza vizuri. Asubuhi moja mwishoni mwa Oktoba, miongoni mwa waliopanda alikuwamo bibi wa miaka 63 akiwa na mfuko wa kunde, begi la nguo na mjukuu wa kiume wa miaka 13 aliyekuwa ametoka kumaliza mtihani wa darasa la saba. Safari hiyo ilikuwa imechelewa wiki mbili. Nauli ilikuwapo na afya yake ilikuwa njema. Kilichomzuia ni njiwa 12 na kuku saba.

Binti yake wa mwisho anaishi Korogwe na mumewe, ambaye ni kibarua wa shamba la mkonge. Alikuwa anatarajia mtoto wa kwanza, na kliniki walimkadiria wiki ya kwanza ya Novemba. Alimwomba mama yake afike katikati ya Oktoba na akae naye mpaka arobaini iishe.

"Nakuja Jumatatu," bibi alimjibu. Jumatatu ikapita. Akasema tena nakuja, nayo ikapita. Kila alipokunja nguo aliangalia bandani na kujiuliza nani atafungua mlango asubuhi na kuufunga jioni.

Jambo hili huonekana dogo, lakini wahudumu wa afya wanalijua. Katika nyumba nyingi, anayetakiwa kwenda kujifungua, kuuguza au kufanyiwa upasuaji ndiye huyohuyo anayewapa mifugo maji. Safari inasogezwa siku moja, halafu tatu. Kwa mwenye mimba inayokaribia kufika, siku tatu ni nyingi, na uchungu hausubiri mtu apate mlezi wa kuku.

Tenga juu ya gari

Wazo la kwanza lilikuwa la mjukuu. Miongoni mwa njiwa wale yumo mmoja mweupe anayeitwa Pamba, ambaye kijana alimlea kwa mkono tangu akiwa kinda aliyeanguka kutoka kwenye kiota. Pamba hutua begani kwake na kula mtama kiganjani.

"Bibi, tuwachukue wote. Tenga lipo, tutalifunga juu ya gari."

Bibi alikubali, hata akamuuliza konda bei ya mzigo. Mpango ulivunjika siku afisa mifugo wa kata alipopita mtaani kuchanja kuku.

"Mama, huko unakokwenda kuna kuku?"

"Wapo wa majirani, wanazurura tu."

"Basi usiwapeleke hawa."

Sababu ni mdondo, ambao wengine huuita kideri. Ni ugonjwa wa virusi usio na tiba. Kuku hukohoa, huharisha kinyesi cha kijani, hupinda shingo na kupooza, na banda zima linaweza kwisha kwa siku chache. Ndege aliyeambukizwa anaweza kukaa siku kadhaa akionekana mzima huku ameshabeba ugonjwa. Ndiyo maana kuku wa zawadi, kuku wa sikukuu na kuku aliyepelekwa kwa shangazi "kwa muda tu" wameua mabanda mengi. Virusi hivyo huwapata njiwa pia.

Kinga ipo. Chanjo ya I-2, ambayo inastahimili joto kuliko chanjo za zamani, hutolewa kwa tone moja kwenye jicho moja la kuku, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Mwili wa kuku unahitaji kama wiki mbili kujenga kinga kamili, kwa hiyo anayejua atasafiri mwisho wa mwezi achanje mwanzoni mwa mwezi. Kuku wa bibi walichanjwa siku ileile, na wiki mbili za kuchelewa zikapata kazi.

Sababu ya pili ilikuwa mtoto aliyekuwa njiani. Vumbi la kinyesi kikavu cha njiwa linaweza kubeba vimelea vinavyoshambulia mapafu. Mmoja wapo huleta homa, kichwa kuuma na kikohozi kikavu, na hutibiwa kwa antibayotiki ukigunduliwa mapema. Mwingine ni fangasi anayeweza kufika hadi kwenye utando wa ubongo, hasa kwa mtu ambaye kinga yake imeshuka, kama anayeishi na VVU bila kutumia dawa. Kwa wengi wanaofuga njiwa nje, hatari hii ni ndogo. Lakini kuweka njiwa 12 katika nyumba ya vyumba viwili yenye kichanga na mzazi aliyechoka si busara. Hata nyumbani, banda hunyunyiziwa maji kidogo kabla ya kufagiliwa ili vumbi lisipae, na mikono huoshwa kwa sabuni.

Sababu ya tatu waliitoa njiwa wenyewe. Njiwa hushika nyumba. Akifunguliwa Korogwe atatafuta Handeni, na kwa barabara ni kilomita 65. Njiwa waliofundishwa hurudi kwao kutoka mamia ya kilomita, lakini njiwa wa mtaani ambaye hajawahi kuvuka mji wake anaweza kupotea au kuliwa na kipanga.

"Si atarudi mwenyewe?" mjukuu aliuliza.

"Au asifike," bibi alijibu. Tenga likarudishwa stoo.

Mlezi aje kwa ndege

Ndipo mpango ukageuzwa. Ndege wabaki kwao, mtu ndiye aje. Bibi alimwendea mama muuza vitumbua wa nyumba ya pili, ambaye huamka alfajiri kuwasha jiko na kuku wake walikuwa tayari wakichanganyika na wa bibi uani. Hakumwomba mlangoni kwa haraka. Alikaa, akanywa chai, ndipo akaeleza.

Walikubaliana mambo manne. Mayai yote ya kuku ni ya mlezi, isipokuwa ya tetea anayeatamia. Makinda ya njiwa hayachinjwi. Chakula kinanunuliwa kabla ya safari, kisiwe mzigo wa mlezi. Na yuko mlezi wa pili, mzee wa nyumba ya nyuma, endapo wa kwanza ataugua au kupata msiba.

Mjukuu alipiga hesabu kwenye daftari lake la zamani. Njiwa mmoja hula kama gramu 30 za nafaka kwa siku, kwa hiyo 12 hula gramu 360. Kwa siku 45 ni kilo 16 na kidogo za mtama, mahindi yaliyovunjwa na kunde, hata kama wataokota vingine nje. Akaandika pia kuhusu maji. Kuku huchota maji na kuinua kichwa ili ayameze, lakini njiwa huzamisha mdomo na kunyonya akiwa ameinama. Sahani bapa haimfai. Chombo kiwe na kina cha vidole viwili, kioshwe kila asubuhi, na kikae kivulini, maana jua la Handeni halina mchezo.

Walifanya jaribio la siku mbili bibi akiwa bado yupo. Jioni ya kwanza mlezi alisahau kukagua tundu la nyuma ya banda, ambako kicheche huingilia. Jioni ya pili hakusahau.

Lililobaki lilikuwa gumu kulitamka, na bibi alilitamka mwenyewe siku ya kuaga.

"Mwanangu, ndege ni roho. Akifa, amekufa. Nipigie tu, usinifiche. Sitakudai."

Mama wa vitumbua alicheka kwa aibu, kisha akakiri kwamba hilo ndilo lililokuwa likimnyima usingizi.

Njia ya Korogwe

Barabara ya lami kutoka Handeni inapita Misima na Sindeni, katikati ya vichaka, mashamba ya mahindi na mifugo inayovuka bila haraka. Oktoba nchi ya Wazigua huwa kavu, watu wakitazama mawingu ya vuli. Mbele, milima ya Usambara huanza kuonekana kama kivuli cha bluu, halafu hukua mpaka inajaza kioo cha gari. Korogwe imekaa chini ya milima hiyo, kando ya Mto Pangani, kwenye barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha na kwenye reli ya zamani ya Tanga. Kuzunguka mji kuna mkonge uliopangwa kwa mistari.

Miji hii miwili imefungwa pamoja na kitu kingine kuliko barabara. Mradi wa zamani wa maji unaojulikana kama HTM huvuta maji ya Mto Pangani upande wa Korogwe na kuyasukuma hadi Handeni. Maji ya bomba yanayomwagwa kwenye chombo cha njiwa Chanika yanaweza kuwa yamepita karibu na mlango wa binti wa bibi. Anayejua shida ya maji Handeni anaelewa pia kwa nini bibi alimwachia mlezi madumu sita yaliyojaa. Kumwombea ndege wako maji ya jirani ni deni kubwa kuliko mtama.

Bibi alifika Korogwe siku ya Jumanne. Usiku wa Ijumaa uchungu ulianza. Mume alikuwa zamu. Bibi ndiye aliyeita bodaboda, akabeba mfuko wa kujifungulia na kumshika binti mkono hadi hospitali. Mtoto wa kike alizaliwa kabla ya adhuhuri, mama na mwana wakiwa salama. Kama Jumatatu nyingine moja ingepita, binti yule angekuwa peke yake chumbani.

Simu ya jioni

Siku ya 18 simu ilikuja kabla ya muda wa kawaida. Tetea mmoja alikutwa amekufa bandani. Mlezi alisema wazi, sauti ikitetemeka. Bibi hakuuliza "ulimlisha nini". Aliuliza wengine wako vipi, kisha akamwambia asimle wala asimtupe jalalani, amfukie chini sana, aoshe mikono na amwite afisa mifugo. Wengine hawakuugua. Jioni iliyofuata walizungumza habari za mtoto kama kawaida.

Urafiki mwingi huvunjikia hapo. Kuku anakufa, mlezi anaogopa, ananunua anayefanana naye au ananyamaza, na mwenye mali anarudi kukuta uongo. Neno moja lililosemwa kabla ya safari liliokoa ujirani wa miaka.

Bibi na mjukuu walirudi Chanika katikati ya Desemba. Jozi moja ya njiwa, iliyokuwa imetaga wiki ya safari, ilikuwa na makinda mawili yanayojaribu mbawa. Mayai ya njiwa huanguliwa baada ya siku 17 au 18, na kinda huchukua kama wiki nne kutoka kiotani, kwa hiyo uzazi mzima ulipita mikononi mwa mama wa vitumbua, sambamba na ule wa Korogwe.

Mjukuu alisimama uani, akanyoosha mkono na kupiga mluzi. Pamba alishuka kutoka paa, akazunguka mara moja, akatua begani kwa mama wa vitumbua.

"Msamehe," mama yule alisema.

"Ananikumbuka," kijana alijibu. "Ila kwanza anakuaga wewe."

Bibi alikuwa ameshaingia ndani kutoa chungwa, nazi na kitenge alivyomletea jirani yake kutoka Korogwe.