Picha Hiyo Ataiona Nani?



Wiki iliyopita tulipewa kazi ambayo hatujawahi kuifanya: kutafuta pahala pa kurekodia makala ya video kuhusu nguo za harusi hapa Unguja. Watayarishaji walituomba pahala penye rangi. Sisi tukajua moja kwa moja pa kuwapeleka: chumba cha ushoni cha kina mama, huko Ng'ambo.

Mashallah, pahala penyewe! Kuta za kijani, mlango wa buluu, na kamba zilizotundikwa doti za kanga, vitenge na kisutu, ile kanga nyekundu, nyeusi na nyeupe ya maharusi wetu. Cherehani zao ni za kukanyaga, umeme ukikatika kazi haisimami. Mmoja wetu akaanza kuandika: jua la asubuhi linaingia vizuri dirishani, ikifika saa nne linakuwa kali, turekodi mazungumzo mapema, kabla ya adhana ya Adhuhuri. Mwengine keshatoa simu, keshapiga picha mbili.

"Wanangu, simu wekeni mkobani kwanza," akasema bibi mkuu wa mafundi, bila ya kuinua macho kwenye sindano. "Picha hiyo ataiona nani?"

Tukamjibu kwa furaha kwamba wataiona watu wengi inshallah, hata nje ya nchi. Tulidhani atafurahi na yeye. Akatuonesha pazia kwenye kona. Nyuma yake bi harusi mtarajiwa alikuwa akipimwa.

"Huyu mama yake kamleta hapa kwa sababu mwanamume haingii. Na hawa wenzangu, wengine waume zao wamewaruhusu kwa sababu hiyo hiyo. Picha moja ikitoka, kesho nusu yao hawaji, na kesho kutwa hatuna kazi."

Tukaangalia zile picha mbili. Katika moja, kwenye kioo, alionekana fundi mmoja hana ushungi. Tuliona haya. Sisi ambao kila siku tunaandika habari za stara! Sura An-Nur inatufundisha tusiingie nyumba za watu mpaka tuombe idhini na kuwasalimia wenyewe. Salamu tulitoa. Idhini ya kuingia tulipewa. Ya kupiga picha hatukuiomba. Tukazifuta mbele ya yule fundi, tukamtaka radhi, naye akasamehe.

Baada ya kusali nao Adhuhuri, tukakaa mkekani tukapanga upya. Bibi akamuuliza kila mmoja peke yake. Wawili walikataa, na hakuna aliyewauliza kwa nini. Waliokubali wakatoa masharti: mpiga picha awe mwanamke, siku ya kurekodi pasiwe na bi harusi wa kupimwa, kona ya pazia isionekane kabisa, na picha wazione wao kwanza kabla hazijatoka. Wale wawili watakaa barazani kwa jirani siku hiyo, na ujira wao hautapungua.

Tuliwapelekea watayarishaji masharti yote kama yalivyo. Tukawaambia wazi kwamba wakiyakataa, sisi tutatafuta pahala pengine, hata kama hapatakuwa na rangi nzuri kama hizi. Walikubali, alhamdulillahi. Sasa wanatafuta mpiga picha mwanamke.

Na wewe bi harusi unayesoma haya, swali la bibi ni lako pia. Siku ya kupigwa hina, siku ya kusingwa, ukumbini na mashoga zako, simu zitakuwa nyingi. Mpiga picha uliyemlipa, muulize kabla: picha zangu zitakaa wapi, na atakayeziona nani? Waombe wageni simu zibaki mikobani mpaka wenyewe mtoe idhini. Usione haya kuuliza. Aibu iliyotupata sisi ni kwa kutouliza.

Allah atusitiri sote duniani na akhera. Amin.