Harufu ya Pilipili Hoho

Jumapili moja baada ya Masifu ya Jioni, padre aliyekuja likizo kutoka jimbo la New York, Marekani, alitualika mafrateri saba wa falsafa. Kwa ruhusa ya Gambera, alikuwa ameweka mezani chupa tatu za divai nyekundu kutoka shamba dogo la mizabibu kando ya Ziwa Seneca. Hakutaka tunywe tu. Alitaka tuonje, tuandike alama, kisha kila mmoja atoe sababu.

Divai tunayoijua sisi ni ya Dodoma, ambako mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka na jua halikosekani. Seneca ni habari nyingine. Baridi ya Januari inaweza kuua mzabibu. Kinachouokoa ni ziwa lenyewe, lenye kina cha zaidi ya mita 180, ambalo maji yake hayagandi kirahisi na huyapa mashamba ya kando joto kidogo. Huko wapo wakulima wanaotengeneza divai kwa mtindo wa Bordeaux, Ufaransa, kwa zabibu za Merlot, Cabernet Sauvignon na Cabernet Franc. Kati ya hizo tatu, Cabernet Franc ndiyo inayovumilia baridi zaidi.

Padre alitufundisha kutazama rangi, kuzungusha glasi, kunusa, ndipo kuonja bila haraka. Tulitumia kipimo cha alama 100 kilichoenezwa na Mmarekani Robert Parker. Kipimo hicho huanzia 50, hivyo hata divai mbovu haipewi sifuri.

Chupa ya kwanza, yenye Merlot nyingi, tuliipa alama 80 na zaidi. Ya pili haikuwa mbali. Ya tatu ilitukunja nyuso: nyepesi, chachu, haina utamu tuliouzoea. Tukaandika 65, 62, 60. Mwenzetu mmoja akaandika 88. Padre akamwuliza sababu.

"Padre, inanukia pilipili hoho mbichi, kama iliyokatwa sasa hivi. Tena ladha yake inakaa mdomoni."

Tulicheka sana. Mmoja wetu akamwambia aende jikoni akamalizie kachumbari. Haikuwa mara ya kwanza kumcheka. Huyu mwenzetu husema kidogo, na akisema, husema jambo ambalo sisi wengine hatukuliona. Kwa hiyo tulishamwita mtu wa kujitenga.

Padre hakucheka. Alisema chupa ile ni Cabernet Franc karibu tupu, na kwamba zabibu hizo zina kemikali iitwayo pirazini, ileile inayoipa pilipili hoho harufu yake. Jua na joto huipunguza zabibu zinapoiva. Kwenye nchi ya baridi hubaki kiasi. Mwenzetu alikuwa amenusa kitu kilichokuwemo.

Aibu yetu ilikuwa na sababu ya ziada. Wiki chache nyuma tulikuwa tumefanya mtihani juu ya insha ya David Hume ya mwaka 1757 kuhusu kipimo cha ladha. Mle Hume anasimulia kisa alichokitoa katika Don Quixote: watu wawili wanaonja divai ya pipa moja, mmoja anasema ina ladha ya ngozi, mwingine ya chuma. Wanachekwa. Pipa linapokwisha, chini unakutwa ufunguo uliofungwa kwa ukanda wa ngozi. Mtihani tulifaulu vizuri.

Lakini mezani kwetu vyumbani kulikuwa na jambo zito kuliko divai. Wiki hiyo tulikuwa tunajaza fomu za maoni juu ya wenzetu, ambazo walezi huzisoma wanapoamua nani aendelee. Usiku ule tulikiri kwamba juu yake wote tuliandika karibu sentensi ileile: "Hajichanganyi." Tukaulizana ushahidi. Hakuna aliyekuwa nao. Mmoja akakumbuka nani alimfulia nguo alipougua malaria. Divai tuliianzishia 50. Ndugu yetu tulimwanzishia sifuri.

Tuliandika upya fomu zetu, kila mtu kile alichokiona mwenyewe tu. Kisha tukaenda kumwomba msamaha juu ya kicheko.

"Hata mimi sikuipenda sana ile divai," alitujibu. "Niliipa alama kwa sababu imetengenezwa vizuri."

Hilo hatukulipata darasani. Tulikuwa tumepima tunachopenda, tukadhani tumepima divai.

Mungu akipenda, kesho tutaulizwa juu ya makatekista, wachumba na vijana wanaoomba kuingia seminari. Nanyi waamini huulizwa juu yetu tunapokuja likizo parokiani. Tuandikieni mlichokiona, hata kama ni kigumu. Tunawaomba tu mtuonje kwanza bila haraka.