Mubuku: Njia ya Injini Mpya

Msafiri ashukaye kutoka Fort Portal kwenda Kasese huuona uwanda ukifunguka mbele yake mara apitapo Hima, penye kiwanda cha saruji. Kuliani husimama milima ya Rwenzori, ambayo kilele chake hufikia mita 5,109. Kushotoni nchi huteremka hadi Ziwa George. Katikati hupita mto Mubuku, ulishao mifereji ya mashamba yaliyoanza kumwagiliwa katika miaka ya 1960. Reli iliyofika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe imenyamaza, na mavuno ya uwanda huu hutegemea malori.

Injini mpya ya lori, hata ing'ae namna gani, bado haijakamilika. Ringi za pistoni na kuta za silinda zina mikwaruzo myembamba ambayo haina budi kusagana hadi mwanya uzibe. Wengi hukosea kwa pupa: hurundika gunia juu ya gunia siku ya kwanza, wakapanda mlima kwa gia kubwa huku injini ikikoroma. Lakini yuko pia akosaye kwa huruma, na huyu haonywi na mtu. Huiacha injini ikinguruma bure saa nzima chini ya mwembe, au huendesha lori tupu kama abebaye mayai. Kuta za silinda hulainika kama kioo kabla ringi hazijakaa, na lori hilo huweza kunywa oili maisha yake yote.

Ndiyo maana njia ya Mubuku hadi Bwera yafaa mno. Hadi Kasese ni tambarare, injini ipate moto taratibu. Kikorongo, karibu na mstari wa Ikweta, njia ya Bwera hushika magharibi. Baada ya mbuga huja vilima vya upande wa Kisinga, ambapo gia hubadilishwa kila mara na injini hupata kujikaza na kupumua. Nusu ya mzigo yatosha. Jua la uwandani ni kali, basi jicho lisibanduke kwenye geji ya joto. Mpondwe, mpakani mwa Kongo, wakati wa kungojea forodha, utingo afungue boneti, apime oili, akaze vibano vya mipira ya maji.

Oili ya kwanza humwagwa mapema, kwa kilomita zilizoandikwa katika kitabu cha mtengenezaji. Fundi huisugua kidogo vidoleni, juani. Ikimetameta kidogo, hashtuki. Ikimetameta vivyo hivyo mara ya pili, lori halitoki gereji.